Malori yaliyochelewa miaka 70

Tesiti zimeisha, bumu bado halijaingia, mfukoni hamna kitu, kwa hiyo muda wa kuandika ninao. Juzi hapa hosteli kulikuwa na ubishi wa nani alijifunza gari wapi. Mmoja alijifunzia kwenye shule ya udereva ya kulipia hapa hapa Dar, mwingine kwenye trekta la babu yake huko Kilimanjaro. Mimi niliposema Mtwara, wakaangua kicheko: "Kwani Mtwara kuna magari?" Utani wa watu wa kusini tumeshauzoea, kila mtu anadhani kwetu mtu akiona gari anapanda juu ya mkorosho. Ila swali lenyewe ni zuri kuliko walivyodhani. Jibu lake linaanza mwaka 1946, na ndani yake kuna karanga nyingi sana.

Aliyewahi kufika Mtwara mjini anajua kwamba kitu cha kwanza unachokiona ni nafasi. Barabara ni pana mno kwa mji wa ukubwa ule. Nyumba zimekaa mbalimbali, kati yake kuna viwanja na nyasi na miembe. Ukisimama pembeni ya barabara kumwita mtu wa upande wa pili inabidi upaze sauti kweli kweli. Sasa chukua daladala uende Mikindani, kama kilometa 10 tu hivi. Huko mambo ni kinyume kabisa: vichochoro, nyumba za mawe zimebanana, na kona ambazo hata bajaji inajiuliza mara mbili.

Miji hii miwili ni jirani lakini ilijengwa kwa miguu tofauti. Mikindani ni bandari ya zamani, ya majahazi na misafara. David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga boma lao hapo mwaka 1895, ambalo lipo mpaka leo. Zama hizo mzigo ulibebwa kichwani na mabegani. Mbung'o walikuwa wengi, punda na ng'ombe hawakudumu, kwa hiyo gari la kukokotwa halikuwa na maana. Njia ya kupishana wapagazi wawili ilitosha kabisa. Mtwara ya sasa ilichorwa na watu waliokuwa wanawaza malori.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta. Mafuta ya kula, majarini na sabuni vilikuwa haba, watu wanapewa kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, akaja na wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Serikali ya London ikatuma timu iliyoongozwa na John Wakefield, wakazunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiangalia kutoka angani, wakarudi na mpango wa kutisha: mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya ekari milioni tatu. Kati ya hayo 107, mashamba 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini, yaani kwetu. Kongwa ndiyo inatajwa sana kwenye vitabu vya shule kwa sababu kazi ilianzia huko, lakini kwenye karatasi moyo wa mpango ulikuwa Nachingwea na majirani zake.

Karanga za ekari zote hizo zingetoka vipi? Bandari ya Lindi ilikuwa na kina kifupi. Ghuba ya Mtwara ina kina kirefu na imejificha vizuri, meli kubwa inaingia na kutulia. Basi ikaamuliwa ijengwe bandari hapo, reli iende bara, na mji mpya uchorwe wa kubeba biashara hiyo yote. Ndiyo maana barabara zetu ni pana vile. Mtu aliyeshika kalamu alikuwa anaona foleni ya malori ya karanga kichwani mwake.

Foleni haikuja. Mashine nyingi zilikuwa kuukuu, zimenunuliwa kwenye maghala ya mabaki ya vita. Nyingine zilikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa kama sakafu ya saruji, mizizi inavunja majembe, vipuri hakuna, mafundi wachache, na madereva walifundishwa haraka haraka tu kisha wakaambiwa panda. Hadi kufikia katikati ya mwaka 1947, mwaka wa kwanza tu, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba basi, yamekwisha. Paundi milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni.

Kinachonishangaza ni kwamba mpango ulikufa lakini ujenzi ukaendelea. Reli ya Kusini ilikuwa imeshaanza kazi mwaka 1949 kutoka upande wa Lindi kwenda Nachingwea, ikafikishwa Mtwara baadaye, na gati la mita 385 likafunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya msiba. Harusi imevunjika, lakini ukumbi umeshalipiwa na wapishi wako jikoni. Reli haikupata mzigo wa kutosha ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vikang'olewa. Mpaka leo Mtwara mjini tuna kata inaitwa Reli. Reli yenyewe hutaiona, imebaki jina.

Sasa hapo ndipo sisi watoto tulipoingia. Mji umeandaliwa kwa maelfu ya magari, magari hayapo, nafasi ipo. Uwanja gani mzuri zaidi wa kujifunzia?

Darasa la kwanza lilikuwa gari la waya. Wadau wa mikoani mnalijua. Unakata waya, unakunja bodi, matairi unachonga kwenye kandambili zilizokwisha, halafu unaweka fimbo ndefu yenye usukani wa duara juu, unakimbia nalo huku mdomo unalia brrrrr. Usidharau. Mtoto wa miaka saba anayejua kupiga kona na gari la waya bila kuangusha kopo la mchanga lililo mgongoni ameshaelewa kwamba tairi la nyuma halipiti lilipopita la mbele. Kuna watu wazima wanaendesha Dar hapa hawajalielewa hilo.

Darasa la pili lilikuwa bodi ya pikapu ya mjomba. Hapa niwaeleze wasiojua mila zetu. Kwa Wamakonde, na vilevile Wayao na Wamakua, ukoo unahesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake. Akisema kitu, baba anaweza kukohoa tu. Mjomba wangu alikuwa na pikapu ya kubebea mizigo, msimu wa korosho anazunguka nayo vijijini, miezi mingine anabeba mchanga, matofali, maharusi, hata mgonjwa wa kwenda Ligula. Sisi watoto wa dada yake tukawa abiria wa nyuma. Ukikaa nyuma miaka mingi unajifunza kusoma injini kwa mgongo. Unajua sasa inalalamika, anatakiwa ashushe gia. Unajua sasa imetulia, ataongeza. Tulikuwa tunashindana kutaja gia kabla mjomba hajaweka.

Darasa la tatu ni usukani. Nilikuwa na miaka tisa hivi, mwaka 2012, alipoanza kunipakata kwenye uwanja mmoja mtupu, gari linatambaa gia ya kwanza, mimi nashika usukani tu. Miguu ilikuwa haifiki. Klachi ilikuja baadaye sana, na klachi ndiyo mwalimu mkali kuliko wote. Ukiiachia ghafla gari linaruka kama chura, halafu kimya. Mjomba hakuwa anagomba. Alikuwa anasema, "Iachie kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kutembea," halafu anawasha tena. Kina mama wa jirani wakipita na ndoo zao walikuwa wanamuuliza mtoto wa kike anafundishwa gari ampeleke nani. Jibu lake halikubadilika: "Shimo haliulizi dereva ni mke au mume."

Yeye mwenyewe hakusomea popote. Alianza kama tandiboi, na hii nayo ni historia ambayo vitabu vyetu vinairuka. Vizazi viwili vitatu vya madereva wa kusini walitoka kwenye utandiboi. Unaanza kwa kuosha, kujaza maji kwenye rejeta, kuweka gogo nyuma ya tairi mlimani, kulala chini ya lori kulinda mzigo. Miaka inapita. Siku dereva akichoka au akiumwa, anakuambia kaa hapa. Hakuna cheti. Cheti ni kwamba mzigo umefika.

Na ilikuwa shule ngumu kwa sababu ya nyakati zenyewe. Mafuta yalipanda bei duniani mwaka 1973, halafu ikaja Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, nchi ikakauka fedha za kigeni. Wazee wanakumbuka marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Matairi na vipuri vilitafutwa kama dawa. Huku kwetu korosho nayo ikaanguka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 hivi, lakini kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei mbaya, ugonjwa wa ubwiri unga nao ukaingia. Lori bila korosho ni banda la kuku. Aliyejifunza udereva miaka hiyo alijifunza kwanza kutengeneza, kuendesha kukaja baadaye.

Halafu kulikuwa na mto Rufiji. Vijana wa leo wanapanda basi asubuhi Mtwara, jioni wanakula chipsi Mbagala, hawajui. Kabla ya mwaka 2003 mlivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea barabara inakatika, magari yanalala njiani siku kwa siku, abiria wanapika pembeni ya basi. Dereva wa njia ya Dar alikuwa mtu mkubwa mtaani, na gari lake lilikuwa na jembe, panga, mbao za kutandika kwenye tope, sufuria na unga. Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, karibu kilometa moja kwa urefu. Rais Mkapa ni mtoto wa Lupaso, Masasi, na watu wa kusini walimsamehe mengi kwa ajili ya lile daraja. Hata hivyo kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, kiliendelea kuwa kidonda kwa miaka zaidi ya kumi kabla ya lami kukamilika.

Masomo yangu ya juu niliyapata Msimbati, kule karibu na mdomo wa mto Ruvuma, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari lililotangazwa mwaka 2000. Ufukwe wa Msimbati ni mgumu, maji yakipwa unaweza kuendesha gari juu ya mchanga. Lakini ufukwe una sheria zake. Punguza upepo kwenye matairi kabla hujaingia. Usifunge breki ghafla, achia mafuta tu gari lisimame lenyewe. Usisimame kwenye mchanga laini. Na ujue kalenda ya mwezi, maana siku za bamvua bahari inarudi kwa kasi na haikupigii honi. Mjomba alikuwa anamwuliza kwanza mvuvi yeyote tuliyemkuta, saa ngapi maji yanajaa, kabla hajaweka gia. Mpaka leo naona hilo ndilo somo kubwa kuliko yote: unayeijua gari muulize anayeijua njia.

Ni pale pale Msimbati, Mnazi Bay, ndipo gesi iligunduliwa mwaka 1982. Ilikaa ardhini zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kutuwashia umeme Mtwara. Halafu kuanzia mwaka 2010 ikagunduliwa nyingine nyingi baharini, na mji ukajaa Land Cruiser nyeupe zenye bendera ndefu nyuma. Kodi za nyumba Shangani zikapaa. Sisi watoto tulikuwa tunazihesabu barabarani kama mchezo. Madereva wengi walikuwa wageni, wenye leseni za madaraja makubwa na vyeti vya usalama ambavyo tandiboi wetu hawakuwahi hata kuvisikia.

Mengine mnayajua. Desemba 2012 watu wakaandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar. Mei 22, 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, vurugu zikalipuka. Watu walikufa, nyumba na magari yakachomwa moto, jeshi likaja. Nilikuwa na miaka kumi. Ninachokumbuka ni barabara zetu pana zikiwa tupu kabisa mchana kweupe, pikapu imefunikwa turubai, na mama akituzuia hata kuchungulia dirishani. Baadaye huku chuoni nimesikia watu wakisema wale walikuwa wajinga wasiotaka maendeleo, wachoyo wa gesi. Inaniuma kusikia hivyo, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Hebu liangalieni kwa jicho la mji uliolelewa na malori. Gunia la korosho likitoka kijijini linahitaji dereva, tandiboi, wapakiaji, fundi wa tairi, mama ntilie wa njiani, mlinzi wa ghala, na kuli wa bandarini. Kila mmoja anapata chochote. Bomba halina dereva. Halina tandiboi, halipati pancha Nangurukuru, halili wali maharage Mingoyo. Lilizinduliwa Oktoba 2015, zaidi ya kilometa 500, na likishafukiwa linapita kimya chini ya miguu yako. Mtu aliyeona reli ya karanga ikija na kuondoka, halafu akaona korosho ikipanda na kushuka, akiambiwa safari hii mali itapita chini ya ardhi bila kusimama, unategemea apige makofi? Sihalalishi kuchoma nyumba ya mtu. Nasema hofu ile ilikuwa na kumbukumbu nyuma yake.

Na sasa kichekesho cha historia. Oktoba hiyo hiyo ya 2015 kilizinduliwa kiwanda cha saruji cha Dangote, malori yakaanza kupanga mstari. Kuanzia mwaka 2022 hivi, vita vya Ukraine vilipopandisha mahitaji ya makaa ya mawe, makaa ya Ruvuma yakaanza kushuka kwa wingi kupitia Songea, Tunduru na Masasi hadi bandari yetu, ambayo ilikuwa imeshaongezewa gati jipya la mita 300. Mwaka 2023 serikali ikaelekeza korosho nazo zitokee Mtwara. Barabara zilizochorwa miaka ya 1940 zimepata malori yake, yamechelewa miaka 70 tu. Bodaboda na bajaji zimejaza nafasi iliyobaki. Uwanja niliojifunzia una fremu za maduka, na mtoto wa leo hawezi kutambaa na pikapu pale hata dakika mbili.

Sisikitiki sana. Sheria inataka miaka 18 kupata leseni ya gari, na mimi nilipofika nilikwenda shule ya udereva kama wengine, nikajifunza alama na mambo ya trafiki ambayo mjomba hakuyatilia maanani kwa vile taa za barabarani kwetu zilikuwa hadithi. VETA ipo, kijana akipata ada anasoma. Ninachokiangalia nikirudi likizo ni kitu kimoja: kwenye vioo vya malori yale marefu, nani amekaa nyuma ya usukani, na nani amesimama chini anajaza maji. Mwaka 1946 walipanga ekari, meli, reli na upana wa barabara, wakadhani dereva ataokotwa njiani. Matrekta yakawajibu ndani ya mwaka mmoja.

Mwaka jana binamu yangu mmoja, wa kike naye, amepata leseni ya magari makubwa. Anapeleka korosho bandarini. Mjomba kazeeka, macho hayaoni vizuri usiku, lakini akisikia lori linashusha gia pale mtaani anasema, "Huyo ni yeye." Hakosei.

Haya wadau, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na bumu likiingia.